Nani Anamnyoa Kobayi wa Mtoto?

Wiki hii tunaanza na kosa letu wenyewe, maana lilimgharimu mama mmoja wa kikundi chetu mnyama wake, na tusipolisema sisi mtalisikia sokoni likiwa limeongezwa chumvi.

Mwezi wa saba, baada ya mkutano wa Alhamisi, mama huyo alitufuata mlangoni. Binti yake wa miaka kumi ana kobayi jike, mweupe shingoni na mweusi mwilini, jina lake Madame kwa sababu ya ile kola yake. Wengine mnamuita dende. Ni mnyama yuleyule. Madame alianza kupoteza manyoya mgongoni na ubavuni. Mama akauliza, “Hii ni nini?” Tulikuwa tunahesabu pesa za akiba za AVEC, akili zetu ziko kwenye kisanduku, tukajibu bila hata kugeuza kichwa: ni upele, tafuta dawa. Tena tukaandika hivyo katika ukurasa huu, mstari mmoja tu, kana kwamba tumemwona mnyama.

Mama akaenda sokoni. Muuzaji mmoja akampa chupa ya dawa ya sindano ya ng'ombe na sirinji, akamwambia achome nusu ya mililita. Alichoma wawili, Madame na kobayi mmoja mdogo. Asubuhi yule mdogo alikuwa amelala ubavu, miguu inatetemeka, na kabla ya saa sita mchana akafa. Madame alikaa siku mbili bila kula, kisha akaamka. Mama hakuja kutugombeza, na hilo ndilo lilituumiza zaidi. Alikuja Alhamisi iliyofuata na Madame ndani ya basani, akaiweka mezani mbele yetu, akasema: “Sasa mumuangalie.”

Basi tukamuangalia.

Kabla ya kuendelea, tuseme kwa nini kobayi mmoja anastahili ukurasa mzima. Wapo watakaocheka, hasa wanaume. Lakini ninyi mnajua. Ng'ombe ni wa baba, mbuzi huuzwa mgonjwa akilazwa, kuku hufa wote kwa wiki moja ugonjwa ukipita. Kobayi ni wa mama na mtoto. Mimba yake ni miezi miwili na siku chache, huzaa wawili, watatu, pengine wanne, na watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Mtoto anaweza kuuza wawili akanunua madaftari. Nyumba ambayo nyama haijaonekana mwezi mzima, kobayi mmoja kwenye sufuria humsaidia mtoto anayeanza kuvimba miguu kwa bwaki. Na watu wakikimbia, ng'ombe anabaki, shamba linabaki, lakini kobayi wanaingia kwenye kitunga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika cha Bukavu, pamoja na wenzao wa CIAT, waliochunguza ufugaji huu Kivu Kusini, waliliona jambo hilohilo: wenye kobayi mara nyingi ni wanawake na watoto, na mnyama huyu anapendwa katika nchi ya vita kwa sababu anabebeka.

Tena Madame si wa kuuzwa wala kuliwa. Binti amekwisha kutangaza hivyo nyumbani, na baba yake amekubali kwa kunyamaza.

Sasa turudi kwenye basani. Daktari wa mifugo tuliyemuomba aje alikuja na mkono mtupu, bila dawa, na hilo lilitushangaza kidogo. Alitufundisha kwamba manyoya ya kobayi yakitoka, jina la ugonjwa halitafutwi kwanza. Kwanza unaangalia vitu vinne: anajikuna au hajikuni, ngozi chini ya upara ikoje, upara uko sehemu gani ya mwili, na kati ya wenzake ni nani aliyepata na nani hakupata. Halafu unauliza: kabla ya hapo nyumbani kulibadilika nini?

Tulipopita kwenye kujikuna, upele wetu ulianza kuanguka. Upele wa kweli wa kobayi unaletwa na mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi. Kobayi mwenye upele huo hapumziki. Anajikuna usiku na mchana mpaka anatoa damu, ngozi inakuwa nene, ya manjano, yenye magamba, hasa mabegani, mgongoni na ndani ya mapaja. Ukimshika anapiga kelele, na ukali wa muwasho unaweza kumtupa chini akatetemeka kama mwenye kifafa. Anayemshika naye anaweza kuwashwa mikononi kwa siku chache. Madame alikaa ndani ya basani nusu saa, akala jani la shu, hakujikuna hata mara moja. Ngozi yake ilikuwa laini, safi, ya rangi ya kawaida.

Chawa je? Chawa wa kobayi wanaonekana. Fungua manyoya mahali penye mwanga, hasa nyuma ya masikio na shingoni, utaona vitu vidogo vya rangi ya majani makavu vinatembea, na mayai yamenata kwenye unywele. Hawamhamii mtoto, kila mnyama ana chawa wake. Kwa Madame hatukuona kitu.

Hapo mmoja wetu alipiga kelele, “Nimepata! Angalieni hapa nyuma ya sikio, hakuna hata unywele mmoja!” Daktari akacheka. Kobayi wote duniani wana upara mdogo nyuma ya kila sikio, wamezaliwa nao. Mwanzetu huyo anafuga kobayi tangu akiwa msichana na alikuwa hajawahi kuuona. Hatutamtaja, lakini anajijua.

Tukaenda kwenye choa, kwa maana hiyo ndiyo inayoweza kuhamia kwa watoto wetu. Choa ya kobayi ni ukungu, na hupenda uso: juu ya pua, kuzunguka macho, kwenye masikio, ndipo inashuka mgongoni. Upara wake ni wa mviringo, una magamba meupe, mara nyingine kingo zake ni nyekundu. Anayemlaza kobayi kifuani na kumpangusa kwa shavu lake anaweza kuipata, akatokewa na duara mkononi au mapunye kichwani. Wamama, hapa tusimame kidogo. Mtoto akiwa na mapunye na kuna kobayi mwenye madoa usoni, usitibu mmoja ukamuacha mwingine. Mpeleke mtoto kituo cha afya, maana mapunye ya kichwani hayaishi kwa kupaka pomadi peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Kobayi naye atengwe, matandiko yake yachomwe, na anayemlisha anawe mikono kwa sabuni. Uso wa Madame ulikuwa safi kabisa, na mikono ya binti pia. Mama yake alipumua.

Mpaka hapo tulikuwa tumejua tu yale asiyokuwa nayo. Kisha daktari akatuomba tupitishe kidole juu ya upara, taratibu, kinyume cha manyoya. Kumbe haukuwa upara! Manyoya yalikuwepo, mafupi sana, yanachoma kidole kama kichwa cha mtoto kilichonyolewa wiki iliyopita. Manyoya ya mgonjwa mara nyingi hung'oka na mzizi wake. Haya yalikuwa yamekatwa. Mtu, au kitu, kilikuwa kinamnyoa Madame.

Mnajua jinsi neno kama hilo linavyoenda. Kabla ya jioni, majirani wawili walikuwa wameshasema kwamba kuna anayechukua manyoya ya kobayi kwa kazi zake za usiku, na jina la mwanamke mmoja mzee likaanza kutajwa. Tuliposikia hivyo tulitoka haraka. Katika mitaa yetu mwanamke mzee anaweza kuumizwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kusema kwamba jambo liko mikononi mwa daktari, tungojee. Hii ni sababu nyingine ya kutafuta chanzo hata cha mambo yanayoonekana madogo.

Tukarudi kwenye lile swali: kulibadilika nini?

Jibu lilichukua muda, maana mama mwenyewe hakudhani lina uhusiano. Mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, shemeji yake alifika Butembo na watoto wanne, sufuria mbili na kitunga chenye kobayi watano. Mama alimpokea, kama wengi wenu mlivyowapokea wenu. Kobayi wa mgeni walikaa kwenye kisanduku chao, wa nyumbani kwenye chao. Wakazaliana pande zote mbili. Mwaka huu mwezi wa sita, makala yalipokosekana na mvua imeloanisha kuni, mbao za kisanduku kimoja zikaingia jikoni kupikia maharagi. Kobayi kumi na wanne wakawekwa pamoja mahali pa saba. Manyoya ya Madame yalianza kupungua baada ya hapo.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili tulilipata tulipouliza wanakula nini. Zamani mama alirudi kila jioni kutoka shambani na fungu la majani kichwani: matete, majani ya mahindi, matembele. Shamba lake ni mwendo wa zaidi ya saa moja, upande ambao hatuhitaji kuutaja, mnaujua. Tangu mwezi wa tano haendi tena peke yake. Wanawake wa mtaa wanakwenda kwa kundi, mara moja kwa wiki, wanavuna haraka na kurudi jua likiwa bado juu. Atakayebeba chakula cha watu kumi na mmoja hana shingo ya kubeba majani ya kobayi. Kwa hiyo kobayi wakawa wanakula maganda ya jikoni na mabaki ya bukari.

Sasa sikilizeni mwili wa kobayi unavyofanya kazi. Meno yake yanakua maisha yake yote, kama kucha, na tumbo lake limeumbwa kwa majani yenye nyuzi, siku nzima, kidogo kidogo. Akinyimwa majani anatafuta kitu kingine cha kutafuna. Anatafuna mbao. Mbao zikiisha, anatafuna manyoya ya mwenzake. Wakiwa wamebanana mahali padogo inazidi, kwani mkubwa anataka kuonyesha kwamba yeye ni mkubwa, na anaonyesha kwa meno. Na wale waliobanana hukojoleana: tumbo na miguu ya kobayi anayelala kwenye majimaji nayo hupoteza manyoya, ngozi inakuwa nyekundu.

Daktari alisema hivyo, lakini kwa namna ya kusema “nadhani”. Aliyeleta ushahidi ni binti. Usiku ule hakulala. Aliketi kwenye kibao jikoni na simu ya mama yake, tochi ameifunika kwa kitambaa. Asubuhi alitueleza: alisikia mlio kama mtu anakata karatasi. Alipofunua tochi akamkuta dume kubwa la rangi ya udongo, lile lililotoka Kanyabayonga, amesimama nyuma ya Madame anamtafuna ubavuni, taratibu, kama mama anayekata nywele za mwanawe. Madame ametulia tu.

Tulipotazama tena kisanduku kizima mchana tukaona lile ambalo lingetufungua macho tangu siku ya kwanza. Kati ya wote kumi na watatu waliobaki, sita walikuwa na mabaka yaliyonyolewa, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na manyoya kamili, yanang'aa, hana hata alama. Ni lile dume. Mnyoaji hajinyoi.

Haikuishia hapo, maana mambo ya kweli hayana sababu moja tu. Daktari alipompapasa Madame tumboni alikuta watoto. Jike anayekaribia kuzaa, au anayenyonyesha, manyoya yake ya ubavuni hupungua yenyewe pande zote mbili, mwili unapeleka nguvu kwa watoto. Hurudi watoto wakiacha ziwa. Kwa hiyo Madame alikuwa ananyolewa na dume na ananyolewa na mimba. Na wale wawili wakubwa kuliko wote, ambao daktari aliwakuta wanatembea kwa shida na manyoya yao yamesimama hovyo, alisema wamepungukiwa vitamini C. Kobayi ni kama sisi: mwili wake hauwezi kuitengeneza, ni lazima aile kila siku kwenye majani mabichi. Mbuzi na kuku wanajitengenezea. Ndiyo maana maganda yanayomtosha kuku hayamtoshi kobayi. Akikosa, viungo vinamuuma, fizi zinatoa damu, manyoya yanakuwa mabaya na kidonda hakiponi.

Tuliuliza pia juu ya jike mzee asiyezaa tena, maana mama mmoja wa Mususa anaye. Akipoteza manyoya ubavuni sawasawa kulia na kushoto, hajikuni, chuchu zikawa na magamba na tumbo limevimba, mara nyingi ni uvimbe wa maji kwenye mifuko ya mayai. Hauambukizi. Dawa yake ya kweli ni upasuaji, na huku kwetu ni nani atampasua kobayi? Mtunze, usimpandishe, basi.

Na kama yako yanalala kwenye majivu ya mafiga, angalia kama ncha za manyoya ni nyekundu au zimejikunja. Huyo ameungua tu. Baridi ya Lubero inawasogeza motoni kama inavyotusogeza sisi.

Sasa dawa, na hapa tunaomba msome polepole. Ile chupa ambayo mama yetu aliuziwa ilikuwa ivermektini, ya asilimia moja. Si sumu. Ni dawa nzuri, na ya watu pia ipo, ile Mectizan inayogawiwa kwa upofu wa mto. Lakini chupa ya ng'ombe imeandikwa hivi: mililita moja kwa kilo hamsini. Kobayi wetu kwa kawaida hafiki hata kilo moja. Kipimo chake ni kama mililita moja iliyogawanywa mara hamsini, yaani chini ya tone moja. Sirinji tunazozijua haziwezi kupima kitu hicho. Nusu ya mililita aliyochomwa yule mdogo ilitosha ndama. Hata kama angekuwa na upele kweli, dawa hiyo ingemuua. Kobayi mwenye upele anatibika kwa ivermektini, lakini daktari ndiye anayeipunguza nguvu na kuipima, na anairudia baada ya siku saba mpaka kumi na nne kwa sababu mayai ya mdudu hayafi mara ya kwanza. Na muulizeni siku ngapi zipite kabla ya nyama kuliwa.

Tulisikia pia kuna wanaopaka mafuta ya moteri yaliyotumika, ile vidanje ya gereji. Acheni kabisa. Kobayi anajilamba mwili mzima, yote yanaingia tumboni, na ngozi inaungua.

Mjini Butembo, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina fakulti ya udaktari wa mifugo. Madaktari wengi tulio nao wametoka humo, na walioko vijijini wengi wao wanafahamiana. Kabla ya kununua chupa, uliza mmoja wao. Kuuliza ni nafuu kuliko kobayi.

Kwa Madame hakuna dawa iliyotumika. Kisanduku cha pili kilijengwa tena na mbao za zamani za mlango. Shemeji mwenyewe alizipiga misumari. Dume lilitengwa na majike wote wawili wawili wakapewa nafasi. Sakafu ikawekwa majani makavu, yanabadilishwa kila siku ya pili, na kipande cha bomba na vyungu viwili vilivyovunjika viliwekwa ili anayefukuzwa apate pa kujificha. Madame alikaa peke yake na binti mwenzake mmoja mdogo, kwa sababu kobayi akikaa peke yake kabisa anahuzunika, na huyo mdogo hakuwa mtafunaji. Jaribio hilo ni la kila mtu: ukimtenga anayenyolewa na manyoya yakarudi, basi umepata jibu. Wiki ya tatu ubavu wa Madame ulikuwa na manyoya ya kidole kimoja upande wa mgongo. Tumboni yalichelewa, mpaka alipozaa. Alizaa watatu.

Majani ndiyo yaliyotusumbua zaidi. Kutenga dume ni kazi ya siku moja. Njaa ya majani haitengwi kwa mbao. Tulikaa kikundi kizima tukaorodhesha yanayopatikana ndani ya mji bila kwenda mbali: magamba ya mahindi wanayotupa wachoma mahindi, majani ya nje ya shu na ya karoti sokoni jioni, lengalenga zilizozeeka, matembele ya kwenye parseli, majani ya migomba, yale majani ya mbegu zinazonata kwenye nguo yanayoota kila kona. Haya yote ni mazuri, yaoshwe, na yasiwe yameanza kuoza au kupata moto kwenye gunia.

Lakini mengine yanaua, na ni yale yaliyo mengi kwetu. Majani ya viazi vya kizungu, ambayo Masereka na Luotu yako kila mahali, yana sumu, na maganda ya kijani na machipukizi yake pia. Majani ya avoka, hapana. Sombe mbichi, hapana, wala maganda mabichi ya muhogo mchungu. Puaro na vitunguu, hata majani yake ya kijani yanayotupwa kwa magunia, vinaharibu damu yake. Mama yetu alikuwa akiwapa majani ya puaro tangu mwezi wa sita, bila kujua. Hatukumlaumu, sisi wenyewe watatu tulikuwa tunafanya hivyo.

Jambo moja bado halijatulia. Yule mdogo aliyekufa alikuwa wa mtoto wa shemeji, mvulana wa miaka saba, mmoja wa watano waliovuka na kitunga aliyemzaa. Mtoto huyo hakulia siku ile. Alimzika nyuma ya choo na akaacha kuja jikoni. Tulikuwa tumeamua kikundi kimlipe kwa pesa ya mfuko wa jamii, kwa sababu ushauri ulitoka kwetu, na mweka hazina alikwisha kutoa. Shemeji akakataa pesa. Alisema pesa italiwa na kila mtu nyumbani, na mtoto atabaki bila kitu.

Juzi Jumapili, wale watatu wa Madame walikuwa wametimiza wiki tatu na wameanza kuacha ziwa. Binti alimuita mvulana, akampa achague. Alichukua muda mrefu. Alimgeuza kila mmoja, akawapitisha kidole nyuma ya masikio, akatuuliza sisi tuliokuwa pale kama ule upara ni wa kawaida. Tulimwambia ndiyo. Akamchukua mweusi.

Alhamisi hii mkutano ni saa nane, palepale. Mwenye parseli yenye majani karibu na barabara alete fungu moja. Tutayagawa kwa wenye mashamba ya mbali, na tutaanza na nyumba zilizopokea wageni. Daktari amekubali kuja tena na mizani ndogo, bila malipo, kwa hiyo mwenye kobayi anayepoteza manyoya amlete kwenye basani lenye majani, si kwenye mfuko wa plastiki. Na mwenye chupa ya sindano nyumbani ailete pia, tuisome pamoja.